Nimeifungua mita ya mtumba

Juzi nilishuka Malindi kutafuta waya wa sola, nikarudi Adu na mita: Fluke 87V ya mtumba, raba yake ya manjano imechunika kona zote. Zile ngumu, ikianguka unaokota unaendelea.

Betri ya sola ilisoma volti 12.6, sawa na mita ya jirani. Nikaja kwenye fyuzi. Waya mwekundu tundu la volti, swichi kwenye omu, ncha yake ndani ya tundu la ampea. Ikasoma 0.1. Kitabu chake kinataka kati ya 0.0 na 0.2. Safi!

Mpwa wangu anajifunza ufundi umeme, alikuwa ameshaiomba akapimie stima kwenye mashine ya kusaga.

"Mjomba nipe tu, si inasoma?"

Nusura nimpe. Ila sisi watu wa programu, jaribio likipita mara ya kwanza hatulali. Nikachukua bisibisi.

Mahali pa fyuzi ya ampea 11 palikuwa na kipande cha waya wa shaba! Na waya nao, bila shaka, husoma 0.1.

Fyuzi halisi ni ya volti 1000, ndani ina mchanga wa kuzima cheche. Ukisahau waya tundu la ampea ukagusa stima ya volti 240, fyuzi inakatika. Bila hiyo, mita inaweza kukulipukia mkononi.

Nimeagiza nyingine, bei yake ni kilio. Kwa sasa tundu la ampea nimeliziba kwa selotepu, na mpwa wangu amenuna.