Meza ya Mvule

Wasomaji wetu watatuwia radhi tukizungumza hapa juu ya meza, maana ndani yake limo pia suala la lugha.

Meza tuliyoachiwa na marehemu baba yetu ilitengenezwa mjini Jinja mwaka 1964, na seremala wa Kihindi aliyeondoka Uganda mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia. Chini ya ubao wake zingaliko tarakimu za Kigujarati alizoziandika kwa penseli. Umbo lake ni lile lililoenea kutoka Denmark katika miaka ya 1950: miguu ya mviringo inayopungua unene kuelekea chini, kingo zilizolainishwa, wala hakuna nakshi. Wadenmark walipendelea msaji. Seremala wetu alitumia mvule wa Busoga.

Mwaka jana alitujia mnunuzi wa samani kuukuu. Aliipima, akaigongagonga, akaandika daftarini mwake: "tiki ya Afrika". Jina hilo ni la wafanyabiashara, nasi hatulikubali. Mvule hauna udugu na msaji; jamaa zake ni mforsadi na mtini, na ukichanjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Aidha, ndani ya mbao zake hujificha vijiwe vya chokaa vinavyoufanya msumeno kuwa butu. Seremala alikutana na kimojawapo, akakitoa, akaziba tundu kwa kipande cha mti uleule, hata mkono ukipita hauhisi kitu.

Bei iliyotajwa ingetosha ada ya mwaka mzima ya chuo kwa binti wa dada yetu. Dada hakusema neno. Aliendelea kuifuta meza kwa kitambaa. Hapo ndipo palipokuwa pazito. Mtu aweza kusema mbao ni mbao, tutachongewa nyingine. Lakini mvule haukubali kupandwa shambani kama mkaratusi: kuna mdudu mdogo anayeishambulia miche, vichipukizi vikavimba vinundu na kufa. Nayo iliyosalia Busoga ni michache mno kuliko ile aliyoikuta yule fundi.

Hatukuiuza. Ada tunachangiana ndugu wanne, kwa taabu, na fungu kubwa hutoka kwa dada. Mnunuzi alipopiga simu tena, ndiye aliyepokea. Alimwuliza kama amekwisha kulisahihisha lile jina daftarini.