Kompyuta Isiyojua, Kompyuta Inayokataa

Ubuntu yangu ya kwanza ililetwa na posta. Nikiwasimulia vijana wa leo wanadhani nawatania, lakini kuanzia mwaka 2005 hadi 2011 Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikimtumia CD bila malipo mtu yeyote aliyeziomba. Ulichotakiwa kuwa nacho ni anwani tu. Mimi niliazima sanduku la posta la ofisini kwa mjomba, Dar es Salaam, na bahasha ilipofika mjomba aliigeuza huku na huku, akaniuliza nimejiunga na dhehebu gani.

Laptopu yenyewe ilikuwa ya mtumba kutoka Kariakoo, nzito, na betri yake iliishiwa chaji kabla hujamaliza kikombe cha chai. Ile CD iliitambua karibu yote: kioo, sauti, kibodi, hata vitufe vya kupunguza mwanga. Waifai ndiyo ilishindikana. Kampuni iliyotengeneza chipu, ambayo jina lake naliacha, haikuwa imetoa draiva ya Linux wala maelezo ya namna chipu hiyo inavyoendeshwa. Ukiandika lspci, jina la kadi linatokea kwenye orodha. Ukiandika iwconfig, hola. Kompyuta ilijua kuna kitu kimepachikwa ndani yake, ila haikujua kinatumikaje.

Tiba ya wengi enzi hizo ilikuwa ndiswrapper, programu ya kijanja na ya kihuni kwa wakati mmoja. Unachukua draiva iliyoandikwa kwa ajili ya Windows XP, faili zake za .inf na .sys, unaikabidhi kwa Linux, na ndiswrapper inaihadaa draiva hiyo iamini kwamba bado iko kwao Windows. Na ilifanya kazi! Nilikaa kwenye maktaba ya chuo nikasoma barua pepe bila waya wowote, huku wenzangu wenye Windows wakishangaa nilichokuwa nafurahia.

Kisha mfumo ukasasishwa, na mtandao ukapotea.

Sababu yake nilikuja kuielewa taratibu. Kerneli, kiini cha mfumo, ina moduli zinazoendesha vifaa, na moduli hizo hukaa ndani ya /lib/modules katika folda yenye namba ya toleo. Kerneli mpya huja na folda yake mpya. Moduli uliyoijenga mwenyewe kwa kerneli ya jana inabaki kwenye folda ya jana, na ukijaribu kuihamishia huku, kerneli mpya hukagua muhuri wa toleo na kuikataa papo hapo. Dawa ni kuijenga upya. Ila ili uijenge unahitaji vifaa vya ujenzi pamoja na faili za vichwa vinavyolingana na kerneli hiyo hasa, si nyingine, na vyote hivyo viko intaneti. Dawa iko ng'ambo ya mto, na mtumbwi ndio uliotoboka.

Nikaenda kwenye intaneti kafe moja ya Mwenge na laptopu kwapani.

"Dogo, hiyo mashine usiichomeke hapa," kaka mwenye kafe akaniwahi. "Itaniletea virusi."

"Kaka, hii haina Windows."

"Ndiyo mbaya zaidi. Siijui kabisa."

Ikabidi kutumia flashi. Kuna namna ya kuiambia apt-get isipakue chochote, bali iandike tu anwani za vifurushi inavyovitaka. Ni kuongeza --print-uris kwenye amri. Orodha hiyo unaihifadhi kwenye flashi, unaipeleka kafe, unapakua kimoja kimoja huku saa ya malipo inakimbia kwenye kona ya kioo, unarudi nyumbani, unagundua uliyeambiwa umlete anamtaka na mwenzake, unarudi tena. Intaneti ya kafe nyingi wakati huo ilipitia setilaiti, na mvua kubwa ikinyesha biashara imeishia hapo.

Lakini nisiisimulie safari ile kama adhabu tupu. Kwenye kafe ile ndiko nilikomkuta dada mmoja aliyekuwa akisomea uhandisi, ana orodha ndefu ya anwani za vifurushi kama yangu. Yeye alikuwa ameshavuka: alinipa folda nzima ya vifurushi alivyovikusanya, pamoja na ushauri ambao naufuata mpaka leo. Kerneli ya zamani haifutwi mpya inapoingia. Wakati wa kuwasha shikilia Shift (kwa mashine za sasa mara nyingi ni Esc), menyu ya GRUB itatokea, chagua kerneli iliyotangulia. Waifai ikirudi, basi umeshajua mengi: kadi ni nzima, antena ni nzima, nywila ni sahihi, na kilichovunjika kiko kati ya namba mbili za toleo. Halafu ukiwa kwenye ile ya zamani, tayari una mtandao wa kupakulia vya kurekebishia mpya. Angeniambia mapema ningeokoa pesa nyingi za kafe, ila nisingemfahamu.

Fundi mmoja wa Kariakoo alikuwa na somo fupi zaidi. Kabla hajagusa kibodi alipitisha kidole ubavuni mwa laptopu, akitafuta ile swichi ndogo ya kuzima redio. Mashine nyingi zilizopelekwa kwake kwa kuwa "waifai imekufa" zilikuwa zimesukumwa swichi hiyo ndani ya begi. Amri ya rfkill list hukuonyesha jambo hilo hilo: imefungwa kwa kitufe, au imefungwa na programu. Laptopu za sasa karibu zote zimeiondoa swichi, kazi hiyo inafanywa na kitufe cha kibodi chenye picha ya ndege, na kwa hilo nadhani watengenezaji walikosea. Swichi unaiona imekaa upande gani.

Mambo yalianza kugeuka taratibu. Kwa miaka kadhaa kampuni za chipu zilikuwa zimejificha nyuma ya sheria za mawasiliano ya redio: eti draiva ikiwa wazi, mtu ataibadilisha na kurusha mawimbi kwenye masafa yasiyoruhusiwa. Waandishi wa Linux hawakungoja. Kwa chipu za Broadcom, kundi moja liliichunguza draiva iliyokuwepo na kuandika maelezo ya tabia ya chipu; kundi lingine, ambalo halikuigusa draiva ile, likaandika mpya kwa kufuata maelezo hayo tu, ili mtu asije akasema wameiba. Kazi hiyo iliingia kwenye kerneli 2.6.17 mwaka 2006. Atheros walitoa draiva yao wazi, ath9k, mwaka 2008, na Broadcom wenyewe wakatoa ya kwao Septemba 2010. Draiva iliyomo ndani ya kerneli inajengwa pamoja na kerneli, kwa hiyo inasasishwa pamoja nayo. Kwa waliobaki na draiva za nje kulikuwa na DKMS, iliyoanzishwa na Dell, inayojenga moduli upya yenyewe kila kerneli mpya inapoingia. Yaani ile kazi yangu ya flashi na kafe ikawa mistari michache inayopita kwenye kioo wakati wewe unaandika barua.

Ila ukweli ni kwamba kilichobadilisha maisha ya mtu wa Linux wa Dar es Salaam kuliko draiva zote kilikuwa simu. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu Julai 2009, bei za data zikaanza kushuka, na mwaka 2010 Android 2.2 ikaja na uwezo wa kugawa intaneti kwa waya wa USB. Linux haikuhitaji kuwekewa chochote. Chomeka simu, washa kipengele hicho, na kompyuta inaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya. Kuanzia hapo waifai ikipotea baada ya kusasisha, unapoteza bando kidogo tu. Kafe ya Mwenge ikafungwa, pakawa duka la vifaa vya simu.

Wakati huo huo niliamini kwamba hadithi imekwisha. Lililobaki lilikuwa ni programu dhibiti, ile programu ndogo ambayo draiva huipakia ndani ya chipu kila inapowashwa. Ikikosekana, amri ya dmesg inakuambia imeshindwa kupakiwa kwa kosa namba -2, na namba hiyo maana yake faili halipo, basi. Debian kwa muda mrefu haikuziweka programu hizo kwenye CD zake za kawaida kwa sababu msimbo wake haukuwa huru. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kuzikubali, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Najua wapo walioumia kwa uamuzi ule. Mimi, niliyewahi kuzibeba kwa flashi, nilishangilia.

Hadithi haikuwa imekwisha. Iligeuka tu upande. Mpwa wangu alinipigia simu akiwa hosteli.

"Shikamoo mjomba. Nimesasisha, waifai imeondoka."

Laptopu yake ilikuwa mpya, yenye chipu ambayo draiva yake ilikuwa bado haijaingia kwenye kerneli aliyonayo, kwa hiyo DKMS ilikuwa inaijenga. Nikamwelekeza aangalie lspci -k, ambayo chini ya kila kifaa huandika draiva inayotumika. Mstari huo haukuwepo. Moduli ilikuwa imejengwa bila kosa hata moja, iko kwenye folda sahihi, toleo sahihi. Alipoiita kwa modprobe, kerneli ikajibu kwamba ufunguo umekataliwa. Hicho ndicho kilichokuwa kigeni kwangu. Kompyuta iliijua kadi, iliijua draiva, na haikutaka.

Chanzo chake ni Secure Boot, ulinzi ulioenea kwenye kompyuta tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Ukiwa umewashwa, Ubuntu na ndugu zake hawapokei moduli isiyo na sahihi inayoaminika. Unaruhusiwa kuandikisha ufunguo wako mwenyewe: unaweka nywila, unawasha upya, na kioo cha buluu kinakuuliza kama unataka kuuandikisha. Kinasubiri sekunde chache, usipogusa kitu kinaendelea na safari yake. Mpwa wangu alikiona kioo hicho, akadhani ni hitilafu, akakiacha kipite, na sidhani kuna mtu wa kumlaumu isipokuwa aliyekichora. Tulirudia, safari hii kidole kikiwa tayari juu ya kibodi, na waifai ikarudi. Intaneti ya kufanyia haya yote ilitoka kwenye simu yake iliyochomekwa pembeni, ambayo ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa akiongea nami kwayo.

Nikilinganisha, hitilafu ya ujinga ilikuwa rahisi kuipenda. Kompyuta isiyojua unaifundisha, na ikishajua mmemalizana. Inayokataa ina sababu, na mara nyingi sababu yake ni nzuri kuliko haraka yako.

Hili lilinipata mwenyewe baada ya Ubuntu 22.04 kutoka Aprili 2022. Nilikuwa nafundisha kozi ya muda katika taasisi moja ambayo waifai yake humtaka kila mtu aingie kwa jina na nywila yake. Niliposasisha, kadi iliuona mtandao, mawimbi yamejaa, nywila ni ile ile, na kila nikiunganisha nilitemwa. Kerneli ya zamani haikusaidia, maana kosa halikuwa kwenye kerneli. Kumbukumbu za wpa_supplicant, programu inayoiingiza kompyuta kwenye waifai, ndizo zilizosema: toleo hilo la Ubuntu lilikuwa limehamia OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji isiyokubali tena kuongea na seva zinazotumia utaratibu wa zamani wa kupatana upya masharti katikati ya mazungumzo. Udhaifu wa utaratibu huo ulitangazwa mwaka 2009, na dawa yake rasmi ikatoka mwaka uliofuata. Seva ya pale haikuwa imeinywa.

Unaweza kuongeza mstari kwenye faili ya mipangilio ya OpenSSL kuiamuru ilegeze msimamo, na niliuongeza, kwa sababu nilikuwa na kipindi asubuhi ile. Lakini mstari huo unailegeza kompyuta nzima, si waifai ya pale peke yake, na sikupenda kutembea nao. Nikachapa kurasa za kumbukumbu nikazipeleka ofisi ya TEHAMA.

"Mzee, wenzako wote wa Windows wanaingia," kijana akasema kwa adabu.

"Kwa sasa," nikamjibu, nikamwonyesha mwaka ambao udhaifu ule ulitangazwa.

Alikaa kimya akisoma, akaomba abaki na karatasi. Hakukuwa na amri ya kuandika, wala kifurushi cha kubeba kwa flashi; kulikuwa na maombi ya bajeti, idhini ya mkuu wa kitengo, na likizo ya wanafunzi ya kusubiri ili seva izimwe bila mtu kupiga kelele. Muhula ulipofunguliwa walikuwa wameibadilisha. Nikaufuta ule mstari, nikawasha upya, nikaunganishwa, na nikaenda darasani.