Boga Katika Debe

Wasomaji wengi wa gazeti hili wana shamba, japo dogo. Mimi karani sina hata mahali pa kuzika kifaranga. Nimepanga vyumba viwili ghorofani katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, penye maduka ya leso na vikoi, na ardhi yangu yote ni roshani ya hatua mbili.

Mama yangu alipofariki, nilikuta kikapuni mwake mbegu saba za maboga zimefungwa katika kitambaa. Shamba lilikwisha uzwa. Nisipozipanda mimi, mbegu ile ingekoma kwetu.

Basi mwezi wa Januari nilinunua madebe mawili karibu na Markiti, nikayatoboa chini, nikatia udongo na samadi ya mbuzi. Kila debe nilipanda mbegu tatu, moja nikaiweka akiba. Zote ziliota, lakini debe la lita 20 halilishi zaidi ya mche mmoja. Kung'oa ile minne kuliniuma sana.

Jua la kaskazi hukausha debe upesi, kwa hiyo nalinywesha asubuhi na jioni. Siku moja maji yalichuruzika juu ya leso zilizotundikwa mlangoni mwa duka la chini. Mzee mwenye duka akapanda ngazi polepole.

"Shikamoo, mzee," nikamwahi.

"Marahaba, bwana karani. Mvua yako hii ina msimu, ama ni ya mwaka mzima?"

Nililipa leso moja iliyoharibika, nikaweka sinia chini ya kila debe.

Maua yakachanua mengi, lakini vijiboga vilinyauka vingali kama kidole gumba. Nilikata tamaa, hata nilipokumbuka somo la shuleni: mboga hii ina maua ya kiume na ya kike. La kike lina kijiboga chini yake. La kiume lasimama juu ya kikonyo kitupu. Nyuki ndiye mshenga wao, na ghorofani kwetu nyuki ni wachache. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, basi kila asubuhi nilichuma la kiume, nikaling'oa majani yake ya manjano, nikapaka ule unga wake katikati ya la kike. Mara mbili nilifika ofisini na mkono wa shati una rangi, mwenzangu akauliza kama nimeanza kuuza bizari.

Mawili yalishika. Moja lilioza. La pili lilipozidi uzito nililitundika kwa ile leso niliyoilipa, isije shina likakatika.

Mwezi wa Mei mke wangu alilipika kwa nazi, akampelekea mzee sahani moja. Jioni mzee akairudisha mwenyewe.

"Mbegu ziko wapi, mwanangu?"

Nilimhesabia kumi.