Mapenzi ya Mara ya Pili katika Beni na Butembo

Riwaya ya mapenzi ya nafasi ya pili, yaani ile inayowarudisha pamoja wapenzi waliotenganishwa na msiba, aghalabu husimama juu ya imani kwamba penzi ndilo linaloponya kiwewe, jeraha la nafsi linalobaki baada ya hofu kuu kupita. Kwa msomaji wa Butembo, mji wa Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, aliyezichukua hadithi hizo kuwa burudani ya jioni, imani hiyo haikuhitaji kuhojiwa, hadi miaka ya mauaji na ugonjwa ilipoonyesha mambo yakienda kwa mpangilio mwingine.

Mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, ambayo kwa sehemu kubwa yamehusishwa na waasi wa ADF wenye asili ya Uganda, yaliwatawanya watu wa Oicha, Mbau na Eringeti, na wajane waliofika mjini walihimizwa wajikaze, kwa kuwa kunyamaza kulihesabiwa kuwa ustahimilivu.

Ukimya huo ulianza kuvunjwa na ugonjwa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kitovu chake kikiwa Mangina, ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Huko Beni baadhi ya wagonjwa waliwekwa katika CUBE, chumba chenye kuta za plastiki angavu, ambamo mke aliweza kumwona mumewe na kuzungumza naye asiweze kumgusa. Waliopona, walioitwa washindi wa Ebola, waliogopwa na majirani hata walipokuwa na cheti cha kupona; hata hivyo, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, baadhi yao walipewa kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Kazi hiyo, pamoja na mazungumzo na wahudumu wa kisaikolojia, ndiyo iliyowarudishia baadhi yao nafasi katika jamii kabla penzi halijapata la kufanya, na hapo ndipo riwaya nyingi zinapokosea.

Hata ndani ya nyumba kurudiana hakukutegemea hisia peke yake. Virusi vya Ebola huweza kubaki katika manii kwa miezi mingi baada ya damu kuwa safi, kwa hiyo mwanamume aliyepona alishauriwa kutumia kondomu au kujizuia, na kupimwa hadi majibu mawili yawe hasi, au, asipopimwa, kuendelea na tahadhari hiyo kwa miezi isiyopungua 12. Ni jambo gumu kwa wanandoa walioponea kifo kuambiwa kwamba kukumbatiana kwao kunangoja maabara, na ugumu huo haukuwa wa bure: Februari 2021 mlipuko mwingine ulitangazwa baada ya kugunduliwa kwa mgonjwa wa Biena, karibu na Butembo, aliyekuwa mke wa mwanamume aliyenusurika. Watu 12 waliugua na sita wakafa kabla haujatangazwa kwisha Mei mwaka huo.

Mwandishi wa Kivu atakayeitunga riwaya ya aina hii aipe miezi hiyo ya kungoja sura nzima, na asiifupishe kuwa aya moja kabla ya harusi.