Gari la Jeshi na Adui Aliye Ndani

Katika pwani ya mashariki ya kisiwa cha Anglesey, nchini Wales, ipo ghuba iitwayo Red Wharf Bay. Bahari inapokupwa, mchanga huachwa wazi hata mgeni akadhani kuwa maji yamehama. Yasimuliwa kwamba hapo, mwaka 1947, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya magari ya Rover, alimchorea ndugu yake Spencer umbo la gari jipya mchangani. Wilks alikuwa na shamba kisiwani humo, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep kuukuu iliyobaki baada ya vita. Gari hilo jipya, Land Rover, lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948.

Msafiri atokaye Anglesey kuelekea kusini-mashariki hufika Solihull, jirani na Birmingham, ambako gari hilo liliundwa. Wakati huo chuma kilikuwa adimu na kilitolewa kwa mgao. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, na chuma kikatumika mahali pabebapo uzito, yaani chesisi. Uamuzi huo uliipa Land Rover sifa yake, lakini pia uliitegea mtego: bodi haishiki kutu, chesisi hushika.

Mtego huo unafahamika sana kwa familia za Uingereza zilizonunua pikapu za Land Rover zilizostaafu jeshini, hasa zile ndefu za 109 zilizoundwa kati ya 1971 na 1985. Huko, wakati wa baridi, barabara hunyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Maji ya chumvi huingia ndani ya chesisi, ambayo ina uvungu kama sanduku refu. Kutu huanza kula ndani, huku rangi ya kijani ya jeshi ingali inapendeza nje. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 nchini humo, iwapo halikubadilishwa sana, halilazimiki tena kupita ukaguzi wa kila mwaka. Hata hivyo, mwenye gari angali na wajibu wa kuhakikisha kuwa ni salama barabarani. Asipolikagua yeye, huenda hakuna mwingine atakayelikagua mpaka siku linapokatika na watoto wakiwa nyuma.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Gari husimamishwa mahali tambarare, magurudumu yakazuiwa, kisha likainuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Halafu chesisi hugongwa kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo huzama. Sehemu za kutazamwa zaidi ni boriti ya nyuma inayovuta tela, mahali springi zinaposhikwa, na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Mabomba ya breki nayo hufutwa na kuchunguzwa yote, kwa kuwa hupitia humo humo penye matope na chumvi.

Palipooza hukatwa mpaka chuma kizima kionekane, ndipo kipande kipya kilehemiwe. Kuziba kwa lami na rangi ni kujidanganya. Kabla ya kulehemu, waya za betri hufunguliwa na matangi ya petroli, ambayo katika pikapu hizo huwa chini ya viti, huondolewa. Kazi hiyo apewe fundi aliyehitimu. Mwenye gari abaki na kazi ambayo hakuna wa kumfanyia kila wiki: kuosha chesisi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuiacha ikauke, na kupulizia oili nzito kupitia matundu yake.

Tanga, Unguja na Mombasa hakuna barafu, lakini upepo wa bahari hubeba chumvi ile ile, na Land Rover kuukuu bado zipo. Apendaye gari lake aanze kwa kulala chini yake akiwa na nyundo mkononi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.