Huku Kwetu Hakuna Jua

Mama alinunua sola mwaka 2018 na hakuniambia. Niligundua mwenyewe usiku niliofika nyumbani kwa kushtukiza. Basi lilikuwa limechelewa, nikashuka njia panda saa nne kasoro, baridi ya Njombe ikanipokea kama kawaida yake, nikaanza kupanda kilima huku nimewasha tochi ya simu. Nyumba yetu usiku huwa haionekani. Unajua umefika mbwa akibweka. Usiku ule niliiona kutoka kule chini bondeni, dirisha moja jeupe, na kwa dakika nzima nikadhani nimepotea njia.

Ndani mama alikuwa kakaa kwenye kigoda, anafuma sweta. Juu yake taa ndogo, haizidi ukubwa wa limao.

"Shikamoo mama. Hii taa umeitoa wapi?"

"Marahaba baba. Ni sola."

"Nani kakununulia?"

"Nimekopa vikoba." Akahesabu nyuzi zake kidogo, kisha bila kuninyanyulia macho: "Si wewe ulisema huku kwetu hakuna jua?"

Ni kweli nilisema. Ilikuwa 2014, nimetoka chuo sina muda mrefu, nimepata kazi kwenye chumba cha habari, na kijijini nilikuwa ndiye msomi wa ukoo. Mama alinipigia kuniuliza. Mwalimu mmoja pale jirani alikuwa amefunga sola, na yeye anafikiria kuuza mbuzi wawili afunge ya kwake, je, mimi naonaje? Nilikuwa kwenye daladala Mwenge, nimebanwa kama mzigo, jasho linanitiririka mgongoni. Nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma: "Mama, sola ni ya watu wa Dodoma na Singida. Huko ndiko kuna jua. Kwa baridi ile ya Njombe utatupa hela yako bure." Akasema haya baba, nimesikia. Mbuzi hakuuza.

Miaka minne. Nimeipiga hesabu mara nyingi. Miaka minne ya kibatari, kile cha kopo na utambi wa kitambaa, kinachokuachia masizi puani ukiamka asubuhi. Mama hufuma masweta ya wanafunzi, na kwa sababu mchana ni wa shamba, kufuma ni kazi ya usiku. Wakati huo aliwahi kutengeneza masweta sita ambayo upande mmoja ulikuwa bluu iliyokoza na mkono mmoja mweusi, maana kwenye kibatari rangi hizo mbili ni kitu kimoja. Shule iliyakataa. Hilo nililisikia kwa dada yangu, kama kichekesho, nikacheka.

Siku hizi najiuliza nilikitoa wapi kile nilichomwambia. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja kuhusu sola. Nadhani nilikitoa kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu kimeweka vitu viwili kwenye kikapu kimoja. Ukisema leo jua kali, husemi kwamba kunang'aa, unasema kunaunguza. Tunaota jua tukisikia baridi. Tunaanika mahindi juani yakauke. Jua kwetu ni joto kwanza, mwanga unafuata nyuma. Basi tulipoambiwa kuna umeme wa jua, tukaelewa ni umeme wa joto, yaani lile bati jeusi juu ya paa linapikwa kama chapati mpaka umeme utoke. Na ile mitambo ya kuchemsha maji unayoiona juu ya hoteli ilituthibitishia, maana ile kweli inataka joto. Ziko juu ya paa moja, zinaitwa jina moja, nani atatofautisha?

Aliyenitofautishia ni fundi wa mama, kijana wa Makambako asiyezidi miaka ishirini na mitano. Nilimkuta kesho yake kapanda ngazi, anakaza nati. Nikajitambulisha. "Ahaa," akasema, "kumbe wewe ndiye kaka wa hakuna jua." Mama alikuwa amesimulia kijiji kizima.

"Kaka, hiki kitu hakili joto," akaniambia. "Kinakula mwanga. Joto linakichosha."

Nilidhani anatania. Niliporudi Dar nikakaa nikasoma, nikiwa nimechelewa miaka minne. Mwanga unapogonga silikoni, unazing'oa elektroni zilipokuwa zimetulia, na zikisukumwa upande mmoja unapata umeme. Mwanga kung'oa elektroni ndilo jambo alilolieleza Einstein mwaka 1905, na ndilo lililompa Nobel ya 1921, wala si ile nadharia yake maarufu ya uhusianifu. Joto halina kazi yoyote hapo, zaidi ya kuharibu. Geuza paneli yoyote usome karatasi iliyobandikwa nyuma: wati zilizoandikwa zimepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25, kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Ikipanda juu ya hapo, kila nyuzi moja inapunguza kama asilimia 0.4, na paneli mpya nzuri hupoteza pungufu kidogo ya hiyo. Paneli iliyolala juu ya bati la Dar saa saba mchana inaweza kufika nyuzi 60 bila shida. Hesabu inakuambia wati 100 zimeshakuwa 86. Paneli ile ile Njombe mwezi wa saba, anga bluu kama sahani, upepo unakata masikio, inafanya kazi kwa raha zake.

Yaani mimi nikiwa ndani ya daladala, nalowa jasho, nilimwambia mtu aliyekaa mahali pazuri kwa paneli kuliko mimi kwamba kwake hapafai.

Ni kweli Njombe ina mawingu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ni nyingi, na ziko asubuhi ukungu unashuka mpaka humwoni ng'ombe aliyefungwa uani. Siku hizo paneli inatoa kidogo, pengine sehemu ndogo tu ya kawaida yake. Lakini inatoa. Na taa ya mama ni wati 5. Hilo ndilo lililoniuma zaidi kama mwandishi. Muda wote huo nilikuwa naandika habari za nishati. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, hiyo namba naweza kuiandika nikiwa usingizini. Sikujua kwamba mama yangu anahitaji wati 5.

Fundi naye alikuwa na makosa yake, niseme ukweli. Paneli aliielekeza mashariki, "iamkiane na jua", kama alivyosema. Kwa sisi tulio kusini ya ikweta inatakiwa iinamie kaskazini kidogo. Tulibishana, tukaigeuza. Kubwa lilikuwa mpeasi. Baba, Mungu amrehemu, aliupanda mbele ya nyumba mwaka niliozaliwa, na kuanzia saa nane mchana kivuli cha tawi moja kilikuwa kinaangukia kona ya paneli. Kona tu. Nikasema kona si kitu, robo ya paneli ikifunikwa si tunapoteza robo? Fundi akachukua mita yake akanionyesha: ziliondoka zaidi ya nusu. Vile vipande vya ndani vimefungwa kwa kufuatana kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akilala, mstari mzima unakwama.

"Tuukate," nikasema.

Mama hakunijibu. Aliingia ndani, akafunga mlango, na hakuna aliyeligusa tena suala hilo. Paneli ikahamishiwa juu ya paa la jiko, ambako haina kivuli ila ina moshi. Kila Jumamosi anaifuta masizi kwa kitambaa cha kanga kuukuu alichokifunga kwenye mti mrefu.

Ingeishia hapo ningekuwa mtoto aliyekosea mara moja. Nilikosea ya pili, na ya pili niliifanya kwa upendo.

Mwaka uliofuata nilitaka kulipa deni. Mama alikuwa anapiga masweta yake pasi ya mkaa kabla ya kuyapeleka shuleni, na mkaa unarusha cheche. Nikamnunulia pasi ya umeme, na inveta imeandikwa wati 1,500 kwa herufi kubwa nyekundu. Muuzaji aliniambia hii mashine inaendesha nyumba nzima. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nikaifunga kwenye betri ya mama, nikamwonyesha mahali pa kuwashia, nikapiga picha, nikaondoka.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo wengi tunaliwa hela. Pasi ile inakula wati 1,000. Betri ilikuwa ya volti 12, amp-saa 100, ukizidisha unapata wati-saa 1,200. Lakini betri hizi za asidi ukizidisha kuinyonya chini ya nusu, unaiua. Kwa hiyo bakia na 600. Paneli ya wati 100, siku njema yenye saa tano za jua la kueleweka, inarudisha 500, na kwa vinavyopotea njiani sema 400. Pasi inazimaliza hizo 400 kwa dakika ishirini na nne. Masweta matatu, manne. Jioni inaingia, taa zinataka chakula, sufuria tupu. Namba ile nyekundu kwenye inveta haikuwa inasema una umeme kiasi gani. Ilikuwa inasema unaweza kuumwaga kwa kasi gani. Nilimnunulia mama bomba kubwa nikadhani nimemletea maji.

Betri ambayo kwa matumizi ya taa na simu ingeenda miaka mitatu au minne ilikufa kwa miezi mitano.

Nami sikujua. Nilikuwa napiga simu kila Jumapili. "Taa zinaendaje mama?" "Taa zipo, baba." Nilikuja kuambiwa na mtoto wa dada yangu, alipokuja Dar likizo, katika maongezi tu, kwamba bibi siku hizi anafuma kwa kibatari tena, kwamba ile sola ya mjomba iliharibu sola ya bibi. Miezi miwili alikuwa ananiambia taa zipo. Hakutaka nijisikie vibaya.

Nilikwenda na betri mpya. Pasi iko kabatini mpaka leo, imefunikwa kitambaa alichokidarizi. Kijijini tayari walikuwa wanasema sola ya mama fulani imekufa, na jirani alishafika kuuliza kama anauza lile bati. Na hili nimelikuta sehemu nyingi tangu nianze kuuliza maswali: betri ikifa, watu wanazika na paneli. Zinauzwa kwa bei ya kutupa, nimeona moja imekuwa mlango wa banda la kuku. Wakati paneli nzuri baada ya miaka ishirini na mitano bado inatoa kama asilimia themanini ya nguvu zake, betri ni kama tairi, unajua tangu siku ya kwanza kwamba utanunua nyingine. Hapo ndipo ile kauli ya "jua ni bure" inapotuponza. Jua ni bure kama mvua ilivyo bure. Tenki unalipia.

Yapo na mengine. Jirani yetu huifunika paneli yake gunia radi zikianza, kwa kuamini inaziita. Haiziiti, ingawa radi ikipiga karibu inaweza kupita kwenye nyaya, na kuchomoa waya kunasaidia kuliko gunia. Mwingine alimfungia mwanawe betri ya lori kwa kuwa ni kubwa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa kishindo kimoja cha kuwasha injini, haikutengenezwa kukesha.

Macho ya mama yaliharibika. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ni umri, akamfanyia upasuaji jicho la kulia na linaona vizuri. Nilimuuliza daktari kuhusu kibatari. Akaniangalia kidogo, akarudia kwamba ni umri. Nimelipokea. Ila masweta sita yenye mkono mweusi hayakuwa umri.

Nguzo za umeme zilifika kijijini baadaye, na nyumba ikaunganishwa. Nikamshauri auze sola, ya nini tena? Alikataa, na safari hii sikubishana. Umeme ukikatika, dirisha letu ndilo linalobaki, na watoto wa jirani huja na madaftari yao.

Julai iliyopita nilikuwa nyumbani. Mwezi mpevu, anga safi, umande unaanza kuganda kwenye majani. Tulikuwa nje tunaota moto mama akaitazama paneli ilivyokuwa inang'aa juu ya jiko.

"Baba, mwezi huu nao si mwanga? Si inakula kidogo?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari, na kicheko chake. Nikalimeza. Nikamwambia ngoja nimuulize fundi. Nikampigia saa ile ile. Alicheka yeye kwa niaba yangu, akasema kama kuna kitu basi ni kidogo hata mita yake haitakiona.

"Mwambie hapana, kaka," akasema. "Lakini mwambie taratibu."