Jirani wa Saa Moja



Ndugu zangu wasomaji, na hasa mama zetu mnaowasomea watoto makala haya jioni, wiki hii siwaandikii hukumu za twahara wala za mirathi. Nawaandikieni habari ya safari, na ndani ya safari hiyo mna deni lililonielemea.

Asubuhi moja ilinifikia habari kwamba ami yangu, aliyeishi Kisumu kwa miaka mingi akiuza vitambaa, amerejea kwa Mola wake. Maziko yalipangwa kuwa baada ya swala ya Alasiri. Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800. Wazee wetu waliofuatana na misafara ya biashara waliyakata masafa hayo kwa miguu, kwa miezi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika ziwani mwaka 1901, kwenye kituo kilichoitwa Port Florence, miezi ikageuka kuwa siku. Kufikia mwaka 1937, ndege za kutua majini za Imperial Airways, zikitoka Uingereza kwenda Afrika Kusini, zilikuwa zikishuka Kisumu na pia Mombasa. Mimi nilikuwa na tiketi ya ndege mbili: ya kwanza hadi Nairobi, na ya pili hadi Kisumu, ambayo haikai angani hata saa moja. Nikajiambia kuwa nitawahi kutia mchanga.

Mtume wetu (S.A.W.) ameifananisha safari na kipande cha adhabu, kwa kuwa humkosesha mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Ndege haikuiondoa adhabu hiyo, imeifupisha tu. Nairobi tulikawizwa muda wa saa tatu. Tangazo la kwanza lilituahidi nusu saa. La pili halikuahidi kitu. Bwana mmoja alitandaza mikoba yake juu ya viti vitatu, na mbele yake amesimama mama mjamzito. Mwingine alisikiliza mpira kwenye simu yake kwa sauti iliyotufikia sote. Lango lilipofunguliwa tulisongamana kana kwamba viti ni vichache kuliko tiketi.

Ndani ya ndege hali haikuwa nafuu. Aliyeketi mbele yangu alikilaza kiti chake hadi kikagusa magoti yangu. Upande wa pili wa ujia, kijana mmoja alizungumza na simu kwa kelele, na mhudumu akamwomba mara mbili aizime. Nilisoma dua ya safari. Ulimi ukimtukuza Aliyetutiishia chombo kile, moyo ukiwahukumu waliomo. Niseme kweli: nilizihesabu aibu za abiria wenzangu kama mtu ahesabuye tasbihi.

Tulipokaribia Kisumu, mawingu yalifunguka. Upande mmoja lilionekana bonde la Nyando na mashamba yake ya miwa, na nyuma yake milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Upande wa pili lilitandaa ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, na juu ya maji yake visiwa vya kijani vya gugumaji vikielea. Uwanja wa ndege uko kando kabisa ya ziwa, na anayeshuka kutoka upande wa maji huona mawimbi kabla ya kuiona ardhi. Ni mandhari ya kumfanya mja aseme Subhanallah. Mimi nilitazama saa yangu.

Magurudumu yalipogusa chini, taa ya mikanda haijazimwa, nilisimama. Nilivuta begi langu kutoka juu na kuanza kupenya. Mbele yangu alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu, Mjaluo, akijiinua taratibu kwa kushika mgongo wa kiti. Sikumsubiri. Begi langu lilimpiga begani, mkoba wake ukaanguka, na tembe zake za dawa zikatawanyika chini ya viti. Niligeuka, nikaona. Wallahi niliona. Kisha nikaendelea mbele.

Ndugu zangu, mwajua hatua zile zilinifikisha wapi? Zilinifikisha mahali pa kungojea mizigo. Kasha langu lilikuwa bado halijaletwa, na wa mbele na wa nyuma tukasimama pamoja, sote tukiutazama mkanda mtupu. Dakika zikapita. Mwisho wa wote akatokea yule bibi, na aliyemshika mkono na kumbebea mkoba alikuwa yule kijana wa simu. Ndiye aliyepiga magoti kuokota tembe, moja baada ya moja, na huku mimi, mwenye kanzu na kofia, nimekwisha kwenda zangu.

Uso uliniwaka kwa haya. Nikamwendea, nikamwambia, “Mama, mimi ndiye niliyekuangushia dawa. Nilikuwa nakimbilia maziko ya ami yangu, lakini hilo si udhuru. Nakuomba radhi.” Akanitazama kitambo, kisha akasema, “Pole kwa msiba, mwanangu. Nimekusamehe. Lakini ungesema tu, ningekupisha.”

Maneno hayo sijayasahau. Ningesema tu.

Nilipofika makaburini walikuwa wamekwisha kufukia, na imamu anamalizia dua. Niliketi jamvini na waliokuja kutoa taazia: Waswahili wenzetu, Wahindi, Wajaluo Waislamu, na Wanubi wa Kibos, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari. Walinipa pole kwa kuchelewa. Hawakujua kwamba nilikuwa na la kuchelewa zaidi.

Usiku ule niliirejea aya ya 36 ya Suratun Nisaa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha humo kuwafanyia wema wazazi, jamaa, mayatima na masikini, jirani wa karibu na jirani wa mbali, kisha akamtaja sahibu aliye ubavuni. Baadhi ya wafasiri wamesema huyo ni mwenza wa ndoa. Wengine wamesema ni mwenzi wa safari. Basi aliyeketi kiti cha pili ni jirani, ijapokuwa ujirani wake ni wa saa moja. Na haki yake ni ngumu kuliko ya jirani wa mtaani. Wa mtaani ukimkosea leo, kesho utamkuta kisimani au msikitini umwombe radhi. Wa safarini akishatoka mlangoni humpati tena, nawe wajua kwamba haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake hadi mwenyewe asamehe. Lau kasha langu lingetoka mapema siku ile, ningeondoka na deni la bibi yule hadi Siku ya Hesabu.

Kesho yake mwana wa ami yangu alinichukua hadi Dunga, kwenye ufuo wa wavuvi, ili nipunge hewa. Tulipanda mashua. Nahodha hakuuliza nani ana haraka; alituonyesha kila mmoja mahali pa kukaa, mzito katikati, mwepesi mbele, na akatukataza kusimama bila kumwambia. Ndani ya mashua mtu husogea kwa kumfikiri mwenziwe, kwani chombo kikipinduka hakichagui. Ndege nayo ni chombo, ila sisi tumesahau.

Mama zangu na dada zangu, desturi yetu ya pwani ni njema: anayekwenda Hija huzunguka mtaani akiomba radhi kwa majirani. Tunawaomba radhi tunaowaacha, tukawasahau tunaosafiri nao. Wafundisheni watoto wasikilaze kiti kabla ya kutazama nyuma, wazishushe sauti za simu zao, wampishe mzee atoke. Na kabla hamjainuka, mwambieni aliye ubavuni: tumekaa pamoja, nisamehe nilipokukosea. Ni maneno machache, na mkanda wa mizigo hautawangojea daima.

Mwenyezi Mungu amrehemu ami yangu, ampe afya bibi yule, amlipe kheri kijana wa simu, na atusamehe sote. Amin.